Ufa Uliorudi Siku ya 9: Kisa cha Kava la Laptopu

Mpwa wangu alinipigia simu jioni. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye jambo lenyewe: "Mjomba, laptopu imepasuka pembeni, pale kioo kinapokunjikia. Nikiifungua inalia kama ukuni unaovunjwa." Nikamuuliza ilidondoka lini. "Haijadondoka hata siku moja, mjomba." Sikumwamini. Nilidhani anaogopa kukaripiwa, nikamwambia ailete tu. Laiti ningeitilia maanani kauli ile ningeokoa siku 9 na pakiti nzima ya gundi, maana nusu ya uchunguzi ilikuwa humo. Kava halipasuki lenyewe. Kama halikupigwa kutoka nje, kuna kitu kinalivuta kutoka ndani.

Ninakieleza kisa chote, pamoja na ukarabati wangu wa kwanza ulioshindwa. Nyufa za kona ya bawaba zimejaa kwenye laptopu za plastiki, na wengi wanaozitengeneza nyumbani hufanya kama nilivyofanya mara ile ya kwanza: wanaona ufa, wanaziba ufa.

Nilichokikuta

Laptopu yenyewe ni ya inchi 15.6, kava lote la plastiki nyeusi, imetumika miaka 4. Ufa ulianzia kona ya nyuma upande wa kulia, pale kava lenye kibodi linapokutana na kava la chini, ukaingia kama sentimita 4 kuelekea kibodi. Kifuniko kikiwa kimefungwa, ulikuwa mstari mwembamba kama unywele. Ukikiinua, makava mawili yanaachana kama mdomo, na kwenye mwanya unapitisha ukucha. Ufa wa namna hiyo, unaotulia kifuniko kikitulia na kufunguka kifuniko kikitembea, mara nyingi una uhusiano na bawaba. Nililiona hilo, nikalipita.

Jambo moja nililifanya vizuri tangu mwanzo: nilikagua betri kabla ya kushika bisibisi. Laptopu iliyofungwa ikae juu ya meza iliyonyooka kabisa. Ikiyumba au ikizunguka kwa urahisi kama pia, tumbo lake limejaa. Padi ya kugusa nayo ibonyezwe. Ikiwa ngumu au imeinuka upande, jicho liende kwenye betri. Betri ya lithiamu iliyovimba hupasua kava kutoka ndani, na hapo gundi haina kazi. Haibonyezwi, haitobolewi, haiendelei kuchajiwa. Inatolewa na mtu anayeijua kazi hiyo na kupelekwa panapopokelewa betri chakavu. Ya mpwa wangu ilikuwa salama.

Nikamwambia anakili kazi zake zote kwenye diski ya nje, kisha nikazima mashine kabisa na kuchomoa chaja. Skrubu za chini zilitoka kwa bisibisi ya msalaba namba 0. Hazilingani urefu hata kidogo, na ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutokeza upande wa pili ikasukuma kibodi au kukwaruza bodi kuu. Kwa hiyo nilichora umbo la kitako kwenye karatasi, na kila skrubu nikaibandika kwa selotepu mahali pake kwenye mchoro. Kava nililibandua kwa kadi ya plastiki kuanzia upande usio na ufa. Kabla ya kugusa kingine chochote, nikachomoa plagi ya betri kwenye bodi kuu.

Ndani ndipo palikuwa na habari. Kila bawaba ilikuwa imeshikwa na skrubu 3. Kila skrubu huingia kwenye nati ndogo ya shaba ya njano, ndefu kama milimita 3, yenye vijino ubavuni, ambayo kiwandani huzamishwa kwa joto ndani ya kiguzo cha plastiki. Upande wa kulia nati 2 kati ya 3 zilikuwa zimeng'oka na vichwa vya viguzo vyake, zinaning'inia kwenye bamba la bawaba kama meno yaliyotoka na ufizi. Ya tatu ilikuwa bado imeshika, na ufa ulipita kandokando yake.

Ukarabati wa kwanza ulikuwa wa jioni moja. Nilifuta vumbi kwa kitambaa, nikachanganya epoksi ya dakika 5, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, nikarudisha nati mahali pake, nikaizungushia gundi, nikasubiri saa nzima, nikafunga skrubu. Kwa macho ilipendeza. Mpwa wangu alishukuru, akaondoka nayo.

Siku ya 9 akairudisha. Ufa ulikuwa umefika sentimita 6, na nati ya tatu nayo imeng'oka. Tumekua tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, na ukuta ukaanguka vilevile.

Kusoma palipovunjika

Mara hii sikugusa gundi siku ya kwanza. Nilikaa na taa na lenzi ya kukuzia, nikaangalia kipande kimoja kimoja.

Nilianza na gundi yangu mwenyewe. Donge la epoksi lilibanduka zima kwa ukucha. Upande wake wa chini uling'aa na ulikuwa umechukua sura ya plastiki iliyokuwa chini yake, hadi vistari vidogo vya kiwandani vilionekana. Gundi iliyoshika kweli ikivunjika huacha mabaki pande zote mbili, nyingine hapa nyingine pale, na mara nyingi hung'oka na vipande vya plastiki. Ile inayobanduka safi namna hii haikuwahi kushika. Kosa lilikuwa langu. Sikuukwaruza uso, sikuondoa mafuta ya vidole, na nilichagua gundi kwa sababu ya haraka. Epoksi ya dakika 5 huganda ndani ya dakika 5, lakini kuganda siko kukomaa. Nguvu yake kamili huja baada ya saa nyingi, na hata ikishakomaa kwa kawaida huwa dhaifu kuliko ile inayokomaa polepole.

Lakini hata kama gundi ingeshika, ingevunja kingine. Hilo nililijua nilipoutazama ufa wenyewe kutoka ndani. Sentimita ya kwanza, karibu na bawaba, kingo zake zilikuwa za kijivu, zimeingiwa na vumbi na mafuta. Kadiri ulivyokwenda mbele kingo zilikuwa safi zaidi, na sentimita 2 za mwisho zilikuwa mpya kabisa, bado zina weusi wa plastiki iliyovunjika juzi. Uchafu ndio umri wa ufa. Kava lililopigwa na sakafu hupasuka kwa mara moja, na kingo zote zinakuwa na usafi mmoja. Hili lilipasuka kidogo kidogo kwa miezi.

Nikampigia simu. "Mwanangu, ulisema kweli. Haikudondoka." Akasema, "Nilikwambia, mjomba." Nikamuuliza huwa anaifunguaje. Akafikiri kidogo: kwa mkono wa kulia, anashika kona ya kulia ya kifuniko, kwa sababu mkono wa kushoto huwa una madaftari. Kila siku, mara kadhaa, kwa miaka 4.

Alama nyingine ilikuwa weupe. Kwenye mashina ya viguzo vya kulia plastiki nyeusi ilikuwa imepauka, ina ukungu mweupe kama chokaa. Plastiki ya aina hii ikivutwa kupita uwezo wake hupauka kwanza ndipo ikatike. Nikaangalia viguzo vya kushoto: vyeusi tii, hakuna weupe hata kwa lenzi. Kwa hiyo plastiki yenyewe haikuwa imezeeka. Ingekuwa imechoka kwa umri, pande zote mbili zingeonyesha. Upande mmoja tu ulikuwa ukivutwa.

Basi nikafungua bawaba zote mbili kutoka kwenye kitako, nikiangalia nyaya za kioo na antena zinazopita hapo, na nikajaribu kuzikunja zikiwa bado zimefungwa kwenye kifuniko. Ya kushoto ilitembea kwa vidole viwili, nzito kiasi, laini. Ya kulia haikutembea kwa vidole. Ilibidi nitumie koleo, na ilipotembea iliruka kwa mishtuko, ikilia kama mlango wa ghala.

Sikutaka kubaki na "nzito" na "nyepesi", kwa hiyo nilipima. Mkono wa bawaba, kutoka kwenye mhimili hadi ncha, ulikuwa na sentimita 5. Nilikilaza kifuniko juu ya blanketi, nikatia ndoano ya mizani ya kuning'iniza kwenye ncha ya mkono, nikavuta taratibu. Wa kushoto ulianza kutembea kwenye gramu 900. Wa kulia ulianza kwenye kilo 3.

Hesabu yake ni ya nyenzo, kama ya mtaimbo. Skrubu za bamba zilikuwa zimeachana sentimita 2. Kilo 3 kwenye umbali wa sentimita 5 zinakuwa kilo 7 na nusu kwenye umbali wa sentimita 2. Uzito huo ndio uliokuwa ukivuta nati za kulia kila kifuniko kinapofunguliwa, wakati upande wa kushoto ulikuwa ukivutwa kwa kilo 2 na robo tu. Sasa tundika kilo 7 na nusu kwenye kiguzo cha plastiki kisichofika nusu sentimita kwa unene, asubuhi na jioni, miaka 4. Tena kifuniko kinashikwa kona ileile ya kulia, kwa hiyo upande wa kushoto haukuwa ukisaidia ipasavyo.

Hapo ndipo kisa chote kilipokaa sawa kichwani mwangu. Kava halikuwa bovu. Kava lilikuwa kiungo dhaifu kuliko vyote kwenye mnyororo, kikalipia ugumu wa kiungo kingine. Nilipozigundisha nati kwenye mashina yale bila kugusa bawaba, nilikuwa nimekiweka kiungo dhaifu mahali pake na kukirudishia mzigo uleule. Nati ya tatu, iliyokuwa nzima, ilibeba kazi ya zote tatu gundi ilipoachia, ikang'oka.

Bawaba kwanza

Bawaba ya laptopu hushika kioo mahali popote unapokiacha kwa sababu ya msuguano. Kwenye mhimili wake kuna washa kadhaa za chuma, yaani vibati vya mviringo vyenye tundu katikati, nyingine zimepinda kama visahani ili zifanye kazi ya springi, na mwishoni kuna nati inayozibana pamoja. Katikati yake kuna grisi. Ya kulia grisi yake ilikuwa imekauka ikawa lami nyeusi iliyochanganyika na unga wa chuma. Washa zilikuwa zinasagana kavu.

Niliisafisha kwa pamba na spiriti, nikatia grisi nyepesi kwa ncha ya kijiti cha meno, kiasi cha punje ya mtama, nikaikunja na kuikunjua mara 20 hivi. Mizani ikasoma kilo 2 na gramu 200. Nafuu, lakini bado. Nikaweka alama kwa kalamu kwenye nati na kwenye mhimili ili nijue nilipoanzia, nikailegeza robo mzunguko. Kilo 1 na gramu 400. Nikaongeza kama nusu ya robo. Gramu 950. Nikaishia hapo, kwa sababu lengo ni kuwianisha pande mbili. Bawaba moja ikilegea kuliko mwenzake kifuniko hujipinda kila kinapoinuliwa, na zote zikilegea kupita kiasi kioo hulala chenyewe.

Si kila bawaba ina nati ya kulegeza. Nyingine zimefungwa kwa kugongwa kiwandani, na hizo zikikakamaa na grisi isisaidie, dawa yake ni kununua bawaba nyingine ya modeli hiyohiyo. Kulazimisha kwa koleo hukata mhimili.

Kazi ya grisi niliimaliza yote kabla ya kuikaribia plastiki, nikanawa mikono kwa sabuni, nikabadilisha na kitambaa cha mezani. Grisi ni adui wa gundi. Alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuharibu kazi ya siku nzima, na nilikuwa nimeshaharibu moja.

Kujenga viguzo upya

Kabla ya kuchagua gundi nilitafuta jina la plastiki. Liko ndani ya kava, limechorwa kwenye plastiki yenyewe kati ya alama mbili kama midomo ya ndege. Hapa ilikuwa >PC+ABS-FR(40)<. PC ni polikaboneti, ABS ni plastiki ileile ya matofali ya kuchezea watoto, na FR ni dawa ya kupunguza kuwaka. Alama hii ndiyo iliyoniondoa kwenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha baadhi ya plastiki. Kava la ABS tupu unaweza kuliunga kwa kuliyeyusha kidogo: vipande vya ABS vinalowekwa kwenye asetoni hadi viwe uji, uji unapakwa, asetoni inaruka, plastiki inabaki imekuwa kitu kimoja. Ni njia nzuri kwa mahali pake. Lakini polikaboneti ikiguswa na asetoni huingia ukungu na vijiufa vidogo, hasa ikiwa tayari imevutwa kama hii. Kwa mchanganyiko wa viwili sikutaka kubahatisha.

Supaglu niliikataa kwa sababu nyingine. Inashika haraka na inakuwa ngumu kama kioo, na kama kioo haina subira na kupindwa. Kwenye kona iliyomeguka isiyobeba mzigo inafaa. Chini ya bawaba itakatika. Wako wanaoinyunyizia magadi ya kuokea. Huganda papo hapo ikawa jiwe, huku ikitoa joto, lakini ni jiwe lilelile lisilopindika. Isitoshe, mvuke wake huacha utando mweupe kwenye plastiki inayong'aa na kwenye kioo.

Nikachukua epoksi ya kukomaa polepole yenye unga wa chuma ndani yake, inayotaka saa 24.

Swali la kwanza likawa nafasi. Gundi ikizidi unene, kava la chini halifungi, au linafunga likiwa linasukuma, na ufa mwingine unaanza. Nilitengeneza vidonge vya udongo wa kuchezea watoto, nikavifunga kwa nailoni nyembamba, nikavipanga kuzunguka mashina ya viguzo, nikalirudisha kava la chini na kulibonyeza hadi klipu zikalia. Nilipolitoa, udongo ulikuwa umebonyea na kubaki na unene wa nafasi halisi: milimita 1.2 juu ya bamba, na kama milimita 4 ubavuni, kati ya mbavu za plastiki. Kumbe juu hapakuwa na nafasi, lakini ubavuni ilikuwapo ya kutosha. Mpango wangu wote ukabadilika kwa kipimo hicho. Badala ya kurundika gundi juu ya nati, ningeitandaza ubavuni, kutoka nati hadi kwenye mbavu za jirani, ili mzigo uliokuwa wa kiguzo kimoja ugawanywe kwenye eneo kubwa.

Kisha ncha ya ufa. Ufa huishia mbele ya pale jicho linapoona, kwa hiyo nilipaka spiriti juu yake na kusubiri. Uso ulikauka, lakini ndani ya ufa spiriti ilibaki, ikachora mstari wa unyevu uliopita milimita 3 zaidi ya nilipodhani. Mwisho wa mstari huo nikatoboa tundu la milimita 1.5, nikizungusha ncha ya kekee kwa vidole bila mashine. Tundu la mviringo huondoa ule ukali wa ncha ambapo nguvu zote hukusanyika, na ufa unakosa pa kuendelea. Huonekana ajabu kutoboa kitu unachotaka kukiponya, lakini ni hatua ambayo sitairuka tena.

Epoksi ya zamani niliikwangua yote. Nikasugua plastiki kwa msasa namba 120 hadi mng'ao wote ukaisha, nikachora mifereji midogo kwa ncha ya kisu ili gundi ipate meno ya kung'ata, nikapuliza unga, nikafuta kwa spiriti safi mara mbili. Baada ya hapo sikugusa tena kwa kidole.

Namna ya kuziweka nati ndiyo inayoamua kama skrubu zitaingia au la. Ukizigundisha kwa kukadiria, moja itakuwa pembeni kwa nusu milimita na bamba halitakaa. Mimi nilizifunga kwanza kwenye bamba la bawaba kwa skrubu zake, nikiwa nimezipaka skrubu vaselini ili epoksi isizinase. Bamba lenyewe nililifunika chini kwa nailoni iliyotobolewa matundu 3. Kitako nikakilaza kifudifudi juu ya taulo, kibodi chini, ukingo wa nyuma ukilingana na ukingo wa meza, kioo kikining'inia wima kuelekea sakafuni na kuegemea rundo la vitabu. Katika mkao huo bawaba ya kushoto, iliyo nzima, ndiyo iliyonipangia ya kulia mahali pake.

Nikapima sehemu mbili za epoksi kama maelezo ya pakiti yalivyosema, nikachanganya dakika 2 kamili hadi pasibaki mstari wa rangi nyingine. Tabaka jembamba la kwanza nililisugua ndani ya mifereji kwa kijiti. Juu yake kipande cha wavu wa nyuzi za kioo, kimekatwa kufuata umbo la nafasi, kikipita juu ya ufa. Tabaka la pili likazizunguka nati na kupanda kwenye mbavu. Nilikuwa na kama nusu saa kabla haijaanza kuwa nzito, na niliitumia yote.

Mabaki ya mchanganyiko sikuyatupa. Niliyaacha juu ya kipande cha karatasi pembeni ya laptopu. Ndiyo sampuli: ukitaka kujua gundi imefikia wapi, choma mabaki kwa msumari, usiguse kazi. Baada ya saa 12 msumari bado uliacha alama. Baada ya saa 24 haukuacha. Nikaongeza usiku mmoja, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa ya baridi na epoksi baridini hukawia.

Kufunga kulikwenda haraka. Skrubu ziliingia zote 3, nikazikaza kwa nguvu ya vidole viwili tu, nikazitoa, nikafuta vaselini, nikazirudisha. Nyaya za antena na ya kioo zikarudi kwenye mikondo yake. Kava la chini likalia klipu zote bila kusukumwa. Plagi ya betri ikawa ya mwisho.

Njia nilizoziacha

Iko njia ya kutoboa kava moja kwa moja na kupitisha bolti kutoka nje hadi kwenye bamba la bawaba, na nati upande wa pili. Haipendezi machoni, lakini ninaiheshimu. Viguzo vikiwa vimesagika hata mashina hayapo, gundi haina pa kushika, na bolti inabeba mzigo bila kuitegemea plastiki ile iliyokwisha. Sharti ni kwamba kichwa cha bolti kisizuie kifuniko kufunga, na kekee isipite karibu na bodi kuu. Unga wa kutoboa utolewe wote, hasa ukiwa wa chuma.

Njia nyingine ni kununua kava zima jingine. Kama ufa umefika kwenye tundu la chaja, au kava limepinda hadi linabonyeza bodi kuu, hiyo ndiyo ningeichagua bila kusita. Namba ya kipande mara nyingi iko kwenye kibandiko ndani ya kava lenyewe. Lakini hata kava jipya likiwekewa bawaba iliyokakamaa litapasuka palepale. Hilo ndilo ningependa kila anayeshika bisibisi alijue kabla ya kuagiza.

Mstari wa nje wa ufa tuliuacha unavyoonekana. Nilimwambia mpwa wangu ninaweza kuujaza, kuusugua kwa msasa laini na kuupaka rangi, akakataa. "Acha tu, mjomba. Nataka niwe nauona ukisogea."

Haujasogea. Miezi 5 sasa, kila akija hunyoosha laptopu mezani kabla hajaketi, anakifungua kifuniko kwa kushika katikati, nami napitisha kona ya karatasi ya kuandikia kwenye mwanya wa nyuma. Karatasi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1. Upande wa kushoto haiingii. Upande wa kulia haiingii. Mara ya mwisho tulifungua pia kava la chini kuangalia: epoksi iko palepale, hakuna weupe kwenye plastiki inayoizunguka, na ufa umeishia kwenye kile kitundu cha milimita 1.5. Mizani ikasoma gramu 950 upande wa kulia. Upande wa kushoto, ambao hatukuwahi kuugusa, umepanda kutoka 900 hadi kilo 1 na gramu 100. Grisi yake imeanza kukauka. Siku hiyohiyo tukaisafisha.